Ukubwa wa viti vya ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka juzi nilimsindikiza Mama kwenda kumwona dada yangu Minneapolis. Safari ndefu ya kuvuka bahari aliivumilia. Kilichomshinda ni ndege ya mwisho, ya ndani ya Marekani, ya saa tatu tu. Magoti yake yalikigusa kiti cha mbele tangu tulipofunga mikanda mpaka tulipofungua. Usiku ule, alipokuwa akijipaka dawa ya kuchua, magoti yote mawili yalikuwa na mstari mwekundu, chapa ya ukingo wa mfuko wa magazeti. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi viti hivi hakuna anayevipima?"

Jibu la swali lake ni refu kuliko nilivyodhani. Tangu hapo ndugu na marafiki wananiuliza maswali yale yale, na mengi yanaishia Marekani, kwa sababu huko ndiko vita vya kisheria vimepiganwa zaidi. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Msimamo wangu nausema mapema: ukubwa wa kiti ni suala la usalama, na mamlaka zimeuacha kwa muda mrefu mno mikononi mwa wauza tiketi.

## Mambo ya msingi

1. Inchi 30 au 31 zinazotajwa kwenye tangazo la ndege ni za nini hasa?

Ni umbali kutoka sehemu moja ya kiti chako hadi sehemu hiyo hiyo ya kiti cha mbele yako. Kwa mfano, kutoka ncha ya juu ya mgongo wa kiti chako hadi ncha ya juu ya mgongo wa kile cha mbele. Nafasi ya miguu ni kitu kingine, kwa sababu ndani ya inchi hizo 30 umo pia unene wa mgongo wa kiti na godoro unalokalia. Kinachobaki kwa ajili ya magoti ni kidogo sana kuliko namba inavyosikika.

Ndiyo maana makampuni hupenda kusema kwamba viti vipya vyembamba "vimerudisha" nafasi. Kuna ukweli ndani yake: mgongo mwembamba huongeza kidogo nafasi ya magoti. Lakini mwembamba hauna sponji nyingi, na baada ya saa nne mifupa ya makalio hukukumbusha.

Kipimo cha pili ni upana, yaani kutoka kiegemeo kimoja cha mkono hadi kingine. Hiki hutangazwa mara chache, nacho ndicho kinachoamua kama bega lako litakaa juu ya bega la jirani.

2. Je, ni kweli viti vimepungua, au ni sisi tulionenepa?

Yote mawili, na ndipo ubaya ulipo. Takwimu zilizofika mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017 zilionyesha kwamba wastani wa umbali kati ya viti ulishuka kutoka inchi 35 (sentimita 89) hadi 31 (sentimita 79), na baadhi ya ndege zikafika 28 (sentimita 71). Upana nao ulishuka kutoka takriban inchi 18.5 mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 17, yaani kutoka sentimita 47 hadi 43.

Wakati huo huo miili iliongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamume wa Marekani alikuwa na wastani wa kilo 75 na mwanamke kilo 64. Kufikia mwaka 2002 walikuwa kilo 87 na 75. Kiti kilisinyaa kwa watu waliokuwa wakitanuka.

3. Kwa nini ndege za aina moja zina nafasi tofauti?

Kwa sababu kiwanda huuza bomba, yaani mwili wa ndege, na mpangilio wa ndani huchaguliwa na kampuni ya ndege. Viti havijajengwa kwenye sakafu. Vimekaa juu ya reli za metali zenye matundu, na mafundi wanaweza kuvisogeza inchi moja moja. Ukiangalia chini kwenye ujia, pale ambapo kifuniko cha plastiki kimelegea, utaiona reli yenyewe.

Sasa piga hesabu. Ndege ya njia moja ya kati yenye safu 30, ukiipunguzia kila safu inchi moja, unapata inchi 30. Hiyo ni safu nzima mpya, viti sita vya kuuza kila safari, kila siku, kwa miaka yote ndege inayoruka. Hakuna abiria atakayeihisi inchi moja akiwa ananunua tiketi, lakini mhasibu anaihisi mara moja.

Kwa upana hesabu ni ile ile. Boeing 777 iliruka miaka mingi ikiwa na viti tisa kwa safu kwenye daraja la kawaida, na makampuni mengi yakahamia kumi bila bomba kupanuka hata kidogo. Boeing 787 ilitarajiwa kuwa na viti vinane kwa safu, na leo karibu kila anayeirusha ameweka tisa.

4. Na ndege tunazopanda huku kwetu?

Kwa bahati nzuri baadhi zina nafuu. Airbus A220-300, ambayo Air Tanzania ilikuwa kampuni ya kwanza Afrika kuirusha, ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na upana wake ni karibu inchi 18.5, huku kile cha katikati kikifika 19. Embraer 190 za Kenya Airways na ATR za Precision Air zina viti viwili kila upande, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati.

Kwenye safari ndefu tunakutana na 787 yenye viti tisa kwa safu. Nairobi hadi New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, huchukua karibu saa 15 wakati wa kwenda. Kwa muda wote huo, nusu inchi ni kitu.

## Sheria inasemaje

5. Je, kuna sheria inayotaja ukubwa wa chini wa kiti?

Marekani, hakuna. Kuna sheria ya mwaka 2018 inayoiagiza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo (FAA) itaje ukubwa huo, lakini namba yenyewe haijawekwa (tazama swali la 7).

Cha kushangaza ni kwamba kanuni hizo hizo zinajua kuhesabu inchi vizuri kabisa mahali pengine. Ujia wa ndege ya abiria 20 au zaidi lazima uwe na upana wa angalau inchi 15 karibu na sakafu na 20 kuanzia usawa wa inchi 25 kwenda juu. Njia ya kuufikia mlango wa dharura ulio juu ya bawa nayo imepimwa. Yaani sheria inamjali abiria akishafika kwenye ujia. Hatua ile ya kwanza, kutoka kwenye kiti hadi kwenye ujia, ndiyo iliyoachwa bila kipimo.

6. Ile kesi ya "kiti kinachosinyaa" ilihusu nini?

Agosti 2015 shirika la kutetea abiria la FlyersRights, chini ya Paul Hudson, liliiomba FAA iweke ukubwa wa chini wa viti na izuie kupunguzwa zaidi. Februari 2016 FAA ikakataa, ikisema suala hilo ni la starehe na kwamba majaribio yaliyopo yanaonyesha watu wanaweza kutoka ndani ya ndege kwa wakati. Ilipoulizwa majaribio hayo yako wapi, haikuyaweka wazi.

Shirika likaenda mahakamani. Tarehe 28 Julai 2017 Mahakama ya Rufaa ya Washington D.C. iliirudishia FAA ombi hilo. Jaji Patricia Millett, aliyeandika hukumu, aliiita kesi ya kiti cha ndege kinachosinyaa kimaajabu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: huwezi kumwambia raia kwamba yuko salama kwa kutegemea ushahidi usiotaka auone.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 2018, FAA ikatoa jibu lile lile kwa maelezo marefu zaidi. Ilisema kunyanyuka kwenye kiti huchukua sekunde chache tu, muda mfupi kuliko ule wa kusubiri milango ifunguliwe na foleni isogee. Kwa kijana mwenye magoti mazima nakubali. Mama yangu alihitaji kushika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kujivuta, kupumzika, kisha kugeuka upande.

7. Bunge la Marekani liliagiza nini mwaka 2018, na kwa nini halijatekelezwa?

Sheria iliyosainiwa tarehe 5 Oktoba 2018 iliipa FAA mwaka mmoja kuweka ukubwa wa chini wa viti, ikitaja umbali, upana na urefu, kwa kadiri inavyohitajika kwa usalama wa abiria. Mwaka ukapita. FAA ikafanya majaribio (swali la 10), kisha Agosti 2022 ikaomba maoni ya umma. Zaidi ya maoni 26,000 yakaingia. Watu waliandika juu ya magoti, nyonga, watoto wao, wazee wao.

FlyersRights ikarudi mahakamani kuomba FAA ilazimishwe. Machi 2023 mahakama ile ile ikakataa. Majaji walikiri kwamba viti vingi ni vidogo kiasi cha kuudhi, ila walisema haijathibitika bila shaka kwamba vimekuwa vidogo kiasi cha hatari. Neno "kwa kadiri inavyohitajika kwa usalama" ndilo lililoiokoa mamlaka, kwa kuwa liliiachia nafasi ya kusema hakuna kinachohitajika.

Tunaandika sheria hivi na sisi pia, kwa maneno laini ambayo mtekelezaji anaweza kuyakunja atakavyo. Funzo hilo limeniuma kuliko jingine lolote katika sakata hili.

8. Kuna nchi yoyote iliyowahi kutaja namba?

Uingereza, na ilijifunza kwa msiba. Tarehe 22 Agosti 1985 ndege ya British Airtours ilishika moto ikiwa bado kwenye njia ya kurukia, uwanja wa Manchester. Watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi. Ndege haikuwa imeruka. Walikufa wakiwa kwenye foleni ya kutoka.

Baada ya hapo, mwaka 1989, mamlaka ya nchi hiyo ilitaka kuwe na angalau inchi 26 (sentimita 66) kutoka mgongo wa kiti cha abiria hadi nyuma ya kiti cha mbele. Usiilinganishe namba hiyo moja kwa moja na zile za matangazo, kwa sababu haihesabu unene wa mgongo wa kiti (swali la 1). Ukiuongeza unakaribia inchi 28. Utafiti uliofanywa huko mwaka 2001 ulipendekeza zile 26 zipandishwe hadi 28.2, lakini hazikupandishwa.

9. Mimi napandia Dar au Mombasa. Sheria ya Marekani inanihusu nini?

Inakuhusu kwa sababu ndege unayopanda imeidhinishwa na FAA au na mwenzake wa Ulaya, EASA. Boeing, Airbus, Embraer na ATR hubuni ndege na viti kwa kufuata vipimo vya mamlaka hizo mbili, na mamlaka zetu hupokea kazi iliyokwisha kufanyika. Siku Marekani ikitaja namba, watengenezaji wa viti duniani kote wataifuata, na kiti kitakachofungwa kwenye ndege ya kwenda Mwanza kitatoka kiwanda kile kile.

## Usalama

10. Sekunde 90 ni za nini, na majaribio yalionyesha nini?

Ndege yenye viti zaidi ya 44 haiidhinishwi mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Mfano mashuhuri ni Airbus A380 mjini Hamburg, Machi 2006: watu 873 walitoka kwa sekunde 78.

Kanuni inataka kundi la majaribio liwe na wanawake wasiopungua asilimia 40 na watu wenye zaidi ya miaka 50 wasiopungua asilimia 35. Watoto wachanga huwakilishwa na wanasesere watatu. Mzee wa fimbo hayumo. Mtu wa kiti cha magurudumu hayumo. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ambaye yumo karibu kila safari ya kwetu, hayumo.

Majaribio ya FAA kuhusu viti yalifanyika Oklahoma City kuanzia mwishoni mwa 2019, kwa siku 12, na watu 720 kwa makundi ya 60. Yalionyesha kwamba umbali wa inchi 28 haukuwachelewesha. Lakini washiriki walikuwa watu wazima wenye afya, wasiozidi miaka 60. Mkuu wa FAA mwenyewe aliliandikia Bunge kwamba matokeo yanasaidia ila si lazima yawe ya mwisho kwa watu wa aina zote.

11. Mbona ndege ya Haneda watu wote walitoka salama? Si inaonyesha viti havina tatizo?

Tarehe 2 Januari 2024 Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo. Wote 379 waliokuwa ndani ya ile kubwa walitoka wakiwa hai. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walifariki.

Wahudumu walifanya kazi ya kutukuka, na abiria waliacha mizigo yao. Lakini kutoka kwa wote kulichukua kama dakika 18, na sekunde 90 hazikukaribiwa kabisa. Waliokolewa na nidhamu, na pia na muda, kwa kuwa moto ulichelewa kuingia ndani. Manchester moshi haukuwapa muda huo. Kwa hiyo ukiniuliza, Haneda inanifundisha kuwaheshimu wahudumu, hainifundishi lolote kuhusu inchi 28.

12. Kama ukubwa wa nafasi si suala la usalama, kwa nini tunaambiwa tunyooshe kiti wakati wa kutua?

Hili aliniuliza binamu yangu, na sijapata hoja nzuri kuliko yake. Kanuni zinakataza kuruka au kutua huku kiti kimelazwa au meza imefunguliwa, na sababu mojawapo ni kwamba vinamzuia abiria wa nyuma kutoka. Kiti cha daraja la kawaida kinalala inchi chache tu. Mamlaka inayokubali kwamba inchi hizo chache zinaziba njia haiwezi kusema kwa urahisi kwamba inchi saba zilizopotea tangu enzi za 35 hazina maana.

13. Kiti chenyewe kinajaribiwa kwa uzito gani?

Jaribio la mgongano hutumia sanamu ya kilo 77. Ni kipimo cha zamani. Mwanamume wa kawaida wa Marekani leo ana karibu kilo 90.

## Afya

14. Je, kiti kidogo kinaweza kugandisha damu miguuni?

Kukaa bila kusogea ndiko kunakogandisha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda mshipani huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Hatari hiyo ipo pia kwenye basi, treni na gari, kwa hiyo anayepanda basi kutwa nzima kutoka Dar hadi Bukoba ajihesabu.

Niseme kwa haki: madaktari wa magonjwa ya kifua wa Marekani walipopitia ushahidi mwaka 2012 hawakupata uthibitisho kwamba daraja la kawaida lenyewe ndilo chanzo. Walichokiona ni kwamba anayekaa dirishani yumo hatarini zaidi, kwa sababu haamki. Ndipo ukubwa wa kiti unapoingia kwa mlango wa nyuma: ukilazimika kuwanyanyua watu wawili waliobanana ili upite, unaahirisha, unalala, na saa saba zinapita.

15. Nifanye nini basi?

Chagua kiti cha kwenye ujia. Nyanyua visigino na vidole ukiwa umekaa, tembea kila baada ya saa moja au mbili, usiweke begi chini ya kiti cha mbele kama miguu yako ni mirefu. Mwenye ujauzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kabla ya safari aulizie soksi za kubana au dawa. Usijiandikie aspirini mwenyewe.

## Ndani ya ndege na hali za pekee

16. Je, nina haki ya kulaza kiti?

Kama kinalala na taa ya kutua haijawaka, unaruhusiwa. Ila geuka kwanza utazame nyuma, na ukimwona mzee au mtu mrefu, muulize. Wakati wa chakula kinyooshe. Mwaka 2014 abiria wawili waligombana Marekani kwa sababu ya kidude cha plastiki kinachozuia kiti cha mbele kisilale, na ndege ikalazimika kutua Chicago. Wote wawili walikuwa wakigombea nafasi ambayo tayari ilikuwa imeuzwa mara mbili.

17. Mimi ni mnene. Nitalazimishwa kununua viti viwili?

Inategemea kampuni, kwa hiyo soma masharti kabla ya kulipa na piga simu mapema. Canada ilichukua njia ya utu: kwa uamuzi wa mwaka 2008, mtu ambaye unene wake umethibitishwa kuwa ulemavu hulipa nauli moja kwenye safari za ndani ya nchi hata akihitaji viti viwili.

Mkanda ukiwa mfupi, mwombe mhudumu kirefusho unapoingia mlangoni, kabla hujakaa. Ni kipande cha mkanda tu, na wahudumu hukitoa kila siku. Hakuna sababu ya kuona haya.

18. Je, mtu mrefu anaweza kudai kiti cha mlango wa dharura?

Kuomba anaweza, kudai hapana. Makampuni mengi yanakiuza kwa bei ya juu. Anayekaa pale lazima awe tayari na mwenye uwezo wa kufungua mlango na kusaidia, kwa hiyo watoto, wanaosafiri na mtoto wa mkononi, na wenye udhaifu wa viungo hawawekwi hapo. Mama aliomba akakataliwa, na kwa hilo mhudumu alikuwa sahihi.

19. Nilalamike wapi?

Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi. Tanzania, mamlaka ya usafiri wa anga (TCAA) ina baraza la kutetea watumiaji wa huduma hizo. Kenya, nenda kwa mamlaka kama hiyo, KCAA. Kama safari ilihusisha Marekani, Wizara ya Uchukuzi ya huko hupokea malalamiko ya abiria hata kama wewe si raia.

20. Ninaweza kukipima kiti mwenyewe?

Ndiyo, kwa futi ya kitambaa ile ya fundi cherehani. Usibebe ya chuma. Pima kabla watu hawajajaa au baada ya kutua: ncha ya mgongo wa kiti chako hadi ncha ya kile cha mbele, vyote vikiwa vimenyooka. Kisha kiegemeo hadi kiegemeo, upande wa ndani. Kisha kutoka mgongo wako hadi ule mfuko wa magazeti, usawa wa goti.

Andika namba ya kiti, aina ya ndege na tarehe. Malalamiko yenye vipimo husomwa tofauti na yale yanayosema "nilibanwa". Kiti cha Mama nilikipima tulipofika, abiria wakiwa wanashusha mabegi: 28 kwa 17.